Bomba la moshi la pikipiki ya mbio: mambo ya kujua kabla ya kununua na kufunga Kampala

KAMPALA – Ukisema vipuri vya pikipiki mjini Kampala, wengi hufikiria boda boda. Lakini wapo pia wateja wa pikipiki za mbio kama Honda CBR, Yamaha R6, Suzuki GSX-R na Kawasaki Ninja. Mteja wa namna hii mara nyingi huanza na ombi moja: anataka bomba la moshi lingine badala ya lile la kiwandani. Mfanyabiashara anayeleta mabomba hayo kupitia Malaba au Busia, na msafirishaji anayeyabeba, wanapaswa kujua wanachouza. Bomba lisilofaa humrudisha mteja dukani kwa hasira, na lililofungwa ovyo huweza kuunguza injini ya bei kubwa.

Aina mbili za mabomba

Aina ya kwanza ni saleinsa peke yake, yaani kipande cha nyuma kinachounganishwa kwenye bomba la kiwandani. Hufungwa kwa muda mfupi, bei yake ni nafuu na hupunguza uzito. Nguvu inayoongezeka ni ndogo. Mteja akiahidiwa kwamba pikipiki "itaruka" kwa kubadilisha kipande hicho tu, amedanganywa.

Aina ya pili ni mfumo mzima, kuanzia kwenye silinda hadi mwisho. Huu hupunguza uzito zaidi na hubadilisha upumuaji wa injini, lakini lazima ufuatiwe na marekebisho ya mafuta. Usimuuzie mteja mfumo mzima kabla ya kumwambia kwamba kuna gharama ya fundi.

Kuhusu madini, chuma kisichoshika kutu kinavumilia vumbi na mvua na kinaweza kuchomelewa. Titani ni nyepesi lakini ghali, na kuichomelea kunahitaji fundi mwenye vifaa maalumu. Kaboni hutumika kwenye ganda la nje tu na huharibika pikipiki ikianguka.

Kumtambua bandia

Majina makubwa kama Akrapovič ya Slovenia na Yoshimura yenye asili ya Japani huigwa sana. Usitegemee nembo peke yake. Saleinsa iliyoidhinishwa kwa barabara za Ulaya huwa na herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, zikiwa zimegongwa kwenye chuma. Iliyoidhinishwa Japani mara nyingi huwa na kibao cha JMCA. Angalia pia ndani: mistari ya kuchomelea iwe sawa, na pamba ya kuzuia kelele iwe imejazwa vizuri. Bandia nyingi huwa na pamba kidogo inayoungua mapema, kisha kelele hupanda.

Tahadhari hii ina uzito kwa wavusha bidhaa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeweka bidhaa bandia katika orodha ya zilizopigwa marufuku kuingizwa. Mzigo ukikamatwa mpakani, mtaji wote umekwenda.

Karatasi za mpakani

Vipuri vya pikipiki huingia katika kifungu cha 8714.10 cha ushuru wa forodha. Wapo wafanyabiashara wadogo wanaodhani cheti rahisi cha asili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kitawasaidia. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Bomba la Japani au China halibadiliki kuwa la Kenya kwa sababu limenunuliwa Nairobi. Beba ankara halisi na stakabadhi za ushuru uliolipwa, na ukumbuke kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda ni asilimia 18.

Kurekebisha: usisahau mwinuko wa Kampala

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Bomba lililo wazi zaidi hufanya mchanganyiko wa hewa na petroli kuwa mwepesi, kwa hiyo maelekezo mengi husema uongeze petroli. Lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa kwa pwani tayari inapata petroli nyingi ikifika Kampala. Mambo haya mawili hupunguzana. Fundi akiweka jeti kubwa kwa kufuata kijitabu bila kupima, plagi zitajaa masizi na petroli itapotea bure.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Pikipiki iliyopangwa vizuri Kampala, ikiteremshwa hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, hukutana na hewa nzito. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto hupanda, na mwendo mrefu kwa kasi huweza kutoboa pistoni. Anayeuza au kusafirisha pikipiki kwenda pwani amweleze mnunuzi aikague jeti kabla ya kuikimbiza.

Utaratibu wa kufuata ni huu:

1. Hakikisha kwanza hakuna uvujaji. Weka gasketi mpya kwenye silinda na kaza nati kidogo kidogo kwa zamu. Milio ya kupasuka unapoachia mafuta mara nyingi hutokana na hewa inayoingia kwenye maungio, na si lazima iwe kosa la kabureta.

2. Badilisha jeti hatua moja kwa wakati, kisha kagua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, nyeupe ni hatari.

3. Pikipiki za sindano za mafuta hazina jeti. Kompyuta yake hurekebisha mwinuko yenyewe, lakini mfumo mzima wa bomba kwa kawaida huhitaji ramani mpya ya mafuta.

4. Baadhi ya Yamaha zina vali ndani ya bomba inayoendeshwa na mota ndogo. Ukiiondoa bila kifaa cha kuidanganya kompyuta, taa ya hitilafu huwaka.

Kelele na sheria

Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, na Kenya tangu mwaka 2009. Saleinsa nyingi huja na kizibo kidogo cha kupunguza sauti. Mafundi wengine hukitoa kwanza ili kumfurahisha mteja. Kiache mahali pake: kukitoa hubadilisha pia upumuaji wa injini, na marekebisho yote hapo juu itabidi yaanze upya.

Kwa muuzaji, ushauri wa mwisho ni mwepesi. Kabla ya kupokea pesa, muulize mteja mambo matatu: pikipiki ni ya mwaka gani, ni ya kabureta au ya sindano, na itatembea wapi. Majibu hayo yatakuonyesha bomba la kumpa.