Mpuliza Tarumbeta na Televisheni ya Watoto Tanzania

Mpuliza tarumbeta wa studio ni mwanamuziki anayeitwa kupiga kazi ya mwenzake. Hafungwi na bendi yoyote. Akifika huwekewa nota mbele au huimbiwa sauti inayotakiwa. Hupuliza, hulipwa kwa saa au kwa wimbo, kisha huenda zake. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo au haliandikwi kabisa. Katika nchi ambazo mashirika ya umma yaliwahi kujenga televisheni ya watoto, vipindi hivyo vimekuwa chanzo cha kipato cha uhakika kwa wanamuziki wa aina hii. Tanzania imekuwa na wapuliza tarumbeta hodari kwa miongo mingi, na leo ina vipindi vya watoto vinavyotazamwa hata nje ya mipaka yake, lakini viwili hivyo vimepishana njiani: kimoja kilikuwa kinaondoka wakati kingine kinaingia.

Kwa nini tarumbeta, na kwa nini watoto

Spika ya televisheni ya kawaida ni ndogo. Besi hupotea humo, na gitaa la rizimu husikika kama mkwaruzo. Tarumbeta hupita. Sauti tatu za kupanda zinatosha kumjulisha mtoto aliye uani kwamba kipindi kimeanza, naye akaacha mchezo na kukimbilia ndani. Ndiyo maana watunzi wa muziki wa watoto wamependa ala zenye sauti ya kukata: tarumbeta, filimbi, kinanda cha mdomo. Kipindi cha Sesame Street kilipoanza Marekani tarehe 10 Novemba 1969, nyimbo zake zilirekodiwa na wanamuziki wa studio wa New York chini ya mtunzi Joe Raposo, na kinanda cha mdomo cha Mbelgiji Toots Thielemans kikawa sauti ambayo mamilioni ya watoto waliijua bila kumjua mpigaji. Hiyo ndiyo hatima ya kazi hii: sauti inaingia katika kila nyumba na mwenye sauti anabaki mlangoni.

Tarumbeta ilivyoingia nchini

Ala za shaba zililetwa na majeshi na wamisionari. Kuanzia miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za kijeshi wakaunda ngoma ya beni, yenye sare, vyeo na gwaride. Beni ilishuka hadi Tanganyika, ambako makundi mawili hasimu, Marini na Arinoti, yalishindana mji kwa mji. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu mashindano hayo mwaka 1975. Kwa upande wa makanisa, Walutheri na Wamoravian walikuja na desturi ya Kijerumani ya kupiga nyimbo za ibada kwa ala za shaba, na hadi leo matarumbeta ya kanisa husikika katika sikukuu na mazishi. Jijini Dar es Salaam neno hilohilo, matarumbeta, limekuwa jina la vikundi vinavyopanda nyuma ya pikapu na kusindikiza maharusi barabarani.

Muziki wa dansi ulikuja kwa mlango wa tatu. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, pia ya Morogoro, mwaka 1948. Jina hilo la mwisho linasema lenyewe chimbuko lake. Santuri za Kuba zilizouzwa Afrika kwa alama ya GV zilikuwa na vikundi vya septeto vyenye tarumbeta moja inayojibizana na mwimbaji, na vijana wa Tanganyika waliisikiliza tarumbeta ile hadi wakaikariri. Wapenzi wa dansi baadaye walizipachika ala za kupuliza, hasa saksafoni, jina la mdomo wa bata, na mtu aliyezimudu alikuwa na heshima ya pekee jukwaani. Gitaa unaweza kulijifunza kwa kijiti na nyaya za baiskeli. Tarumbeta huwezi kuitengeneza nyumbani. Inahitaji pesa, na inahitaji midomo iliyozoezwa kila siku, kwa maana ukiiacha wiki mbili inakusahau.

Mwajiri ni shirika

Hapa ndipo historia ya Tanzania inapoachana na ile ya London au New York. Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na vyombo vya dola na mashirika ya umma. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ilianzishwa mwaka 1964. Ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma. Jeshi la Polisi lilikuwa na Polisi Jazz, wana Vangavanga. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli, na Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, wana Paselepa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na kiwanda cha kukata almasi cha Iringa kilikuwa na Tancut Almasi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji ya TTTS, kisha mwaka 1983 ikahamia kwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park.

Mpuliza tarumbeta wa wakati huo alikuwa mtumishi. Alipokea mshahara mwisho wa mwezi, na tarumbeta ilikuwa mali ya shirika. Akihama bendi, ala ilibaki stoo. Utaratibu huu uliwalinda wanamuziki kuliko wowote uliokuja baadaye, na ni haki kuusema kwa wema. Uliwapa muda wa mazoezi, na ndiyo sababu sehemu za kupuliza katika nyimbo za Mlimani na JUWATA zimepangika vile: tarumbeta na saksafoni zinaingia pamoja baina ya beti, zinatamka sentensi fupi, zinampisha mwimbaji, kisha zinarudi kwa nguvu wimbo unapochemka. King Michael Enoch, aliyeanzia Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa mhimili wa Mlimani Park, alizijua ala nyingi na aliwafundisha wengi kiasi cha kuitwa Ticha. Lakini utaratibu huohuo haukuacha nafasi kwa mpuliza wa kukodiwa. Nani angemwita, na kwa fungu gani?

Waliokaribia maisha hayo ya kukodiwa walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Orchestra Maquis ilianzia Kamina, Katanga, ikatia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haikuwa bendi ya shirika. Ilikula jasho lake ukumbini. Humo alikuwemo mpuliza tarumbeta Kanku Kelly, ambaye baadaye aliongoza bendi ya Kilimanjaro Connection. Wanamuziki wa mkondo huu waliishi kwa mkataba, na walijua kuhama na ala zao mkononi.

Studio moja, mpigo mmoja

Utangazaji Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, studio ya RTD ndiyo iliyorekodi karibu muziki wote wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980. Bendi iliingia nzima, ikapiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkanda ukawekwa maktaba kwa ajili ya kurushwa hewani. Hapakuwa na kurekodi gitaa leo na tarumbeta kesho. Mpuliza alisimama mbali na maikrofoni ili asiwafunike waimbaji, na midomo ikiteleza katika ubeti wa mwisho, wote walianza upya. Anayezisikiliza kanda hizo leo anasikia uangalifu huo, tarumbeta inayojizuia nusu hatua kabla ya kupaza.

Nairobi mambo yalikuwa tofauti. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound ya Charles Worrod ilikuwa na bendi yake ya ndani, wakiwemo Fadhili William na Daudi Kabaka, waliopiga nyimbo zao na za wengine. Huo ni mfano halisi wa kazi ya studio katika Afrika Mashariki. Uliwezekana kwa sababu Nairobi palikuwa na biashara ya santuri, na santuri ina mteja anayelipa.

RTD haikuwasahau watoto. Mama na Mwana, kipindi cha hadithi kilichotambulika kwa sauti ya Deborah Mwenda, kiliwakusanya watoto mbele ya redio nchi nzima, na watu wazima wa leo bado wanaweza kukusimulia hadithi walizozisikia humo. Kilitegemea sauti ya msimulizi, kama bibi anavyotegemea sauti yake jikoni wakati wa usiku. Hakikuhitaji bendi.

Picha inafika, tarumbeta inanyamaza

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Hata hivyo muziki uliotukuka Zanzibar ni taarabu, yenye fidla, udi, ganuni na kodiani. Kwa hiyo mahali pekee nchini palipokuwa na picha mapema, tarumbeta haikuwa na kiti cha mbele. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni kuwa anasa ya watu wa mjini na ikaweka nguvu kwenye redio. Vituo vya binafsi vilianza mwaka 1994, ITV kikiwemo. Televisheni ya Taifa, TvT, ilikuja mwaka 2000. Mwaka 2002 iliunganishwa na RTD kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Ukizipanga tarehe hizo na zile za bendi, utaona mkasa wenyewe. Televisheni ya umma ilipofika, mashirika yaliyonunua tarumbeta yalikuwa yamebinafsishwa au yamefungwa. Bendi zilizobaki zilipunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa walikuwa wapulizaji, kwa sababu kinanda kimoja cha umeme kiliweza kuigiza sauti za wote kwa mshahara wa mpapasaji mmoja. Studio mpya za akina Master J na P-Funk zililea Bongo Fleva kwa kompyuta. Kizazi kimoja cha midomo iliyofunzwa kilistaafu bila wanafunzi, na mwandishi wa makala hii anaihesabu hali hiyo kuwa moja ya hasara kubwa za muziki wa nchi yetu.

Vipindi vya watoto vilivyotengenezwa nchini kwa uzito vilianza mwishoni mwa miaka ya 2000, na Kilimani Sesame, ndugu wa Kiswahili wa Sesame Street, kikazungumzia malaria, VVU, herufi na hesabu kwa televisheni, redio na vitabu. Utafiti wa Dina Borzekowski na Jacob Macha, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe, ukakuta kwamba waliokipokea zaidi walifanya vizuri zaidi. Januari 2014 TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, taasisi isiyo ya faida ambayo Nisha Ligon na wenzake waliianzisha mwaka 2013. Mwaka 2016 kikafuata Akili and Me kwa walio chini ya umri wa shule, kinachomhusu Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huenda Lala Land. Kipindi hiki nacho kilipimwa, kwa watoto 568 wa Morogoro, na waliokitazama waliwapita wenzao katika stadi za mwanzo kama kuhesabu na kutambua maumbo.

Wimbo ndio uti wa mgongo wa vipindi vya Ubongo: somo la kila sehemu hufungwa ndani ya wimbo ili mtoto atoke nalo mdomoni. Mmoja wa waanzilishi, Cleng'a Ng'atigwa, ni mwanamuziki. Lakini muziki huo hutayarishwa kwa kompyuta na watu wachache, na sauti ya shaba ikihitajika kinanda kinaitoa. Tena si shirika la umma linalomlipa mwanamuziki; TBC inatoa masafa, na mtengenezaji anatafuta fedha zake mwenyewe. Mpuliza tarumbeta hana mlango wa kubisha hata kama angekuwepo.

Katavi

Kupishana huko kunaonekana hata mbali na Dar es Salaam, kwa mfano Kabungu, kata ya Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kwa vizazi viwili sauti ya dansi ilifika huko kwa redio ya betri, na bendi kubwa zilizokuwa karibu zaidi zilikuwa za Tabora, mwisho wa safari ya treni ya Mpanda kupitia Kaliua: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Televisheni ilichelewa zaidi. Kwa miaka mingi gridi ya taifa haikufika Mpanda, na mji uliwashiwa taa na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Nje ya mji palikuwa na sola na dishi kwa aliyeweza. Mtoto wa huko anayeimba nyimbo za Akili amezipata kwa dishi hilo au kwa simu ya mzazi. Tarumbeta yenyewe, ile ya shaba, huenda akaiona kanisani au kwenye gwaride, ikiwa mikononi mwa mtu, na hapo atajua kwamba sauti ile hutoka kifuani.

Huko Dar es Salaam, kanda za RTD zenye tarumbeta za NUTA, Maquis na Mlimani ziko katika jengo la TBC Barabara ya Nyerere. Studio za televisheni za TBC ziko Mikocheni. Ni shirika moja, jiji moja, na mwendo wa gari usiofika saa moja barabara ikiwa nyeupe.