Samaki wa Ndoo katika Ziwa Lisilo na Mto

Hakuna mto unaoingia Crater Lake, na hakuna unaotoka. Maji yote ya ziwa hili la kusini mwa Oregon, Marekani, yametokana na mvua na theluji. Kwa kuwa hakuna mto wa kuleta tope, yamekuwa maangavu ajabu: mwaka 1997 sahani ya kupimia uangavu ilionekana hadi kina cha mita 43.

Hapo palikuwa na mlima. Yapata miaka 7,700 iliyopita, volkeno ya Mazama ililipuka, ikatapika mawe na majivu mpaka tumbo lake likabaki tupu, kisha kilele kikaporomokea ndani. Wazee wa Waklamath, wenyeji wa eneo hilo, wanasimulia vita vya Llao, mungu wa kuzimu, na Skell, mungu wa anga, vilivyomalizika kwa mlima kuanguka. Anayedhani hizo ni ngano tu akumbuke pango la Fort Rock. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Luther Cressman alifukua humo makubazi yaliyosukwa kwa magome ya vichaka, yakiwa chini ya tabaka la majivu ya Mazama. Watu waliishi eneo hilo kabla mlima haujalipuka.

Shimo lilijaa polepole, karne baada ya karne. Leo uso wa ziwa uko mita 1,883 juu ya usawa wa bahari, na kilindini maji hukaa kwenye nyuzi 4 hivi mwaka mzima. Mwaka 1886 msafara wa Clarence Dutton ulishusha mashua kwenye kingo za genge, ukapima kina kwa uzi wa chuma wa piano uliofungwa risasi. Ulipata mita 608. Vyombo vya kupima kina kwa sauti vya mwaka 2000 vilitoa 594. Kwa uzi na winchi ya mkono, ile ilikuwa kazi ya kuheshimiwa.

Katika msafara huo alikuwamo William Gladstone Steel, mtu aliyepigania ziwa hili kwa miaka 17 mpaka Rais Theodore Roosevelt akalitangaza eneo lake kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1902. Lakini Steel aliona upungufu mmoja: ziwa halikuwa na samaki. Mwaka 1888 alibeba vifaranga vya trauti kwenye ndoo kutoka Mto Rogue. Wengi walikufa njiani. Wachache waliosalia akawatia majini. Mwaka 1915 wakaletwa kamba wa maji baridi, wawe chakula cha samaki.

Hapo ndipo penye uchungu. Ziwa halikuwa tupu. Lilikuwa na salamanda wake, mwenye tumbo jeusi, asiyepatikana kwingine duniani. Ndugu zake wa nje hujilinda kwa sumu kali; yeye, aliyeishi vizazi vingi bila adui majini, ana sumu kidogo mno. Kamba humla, humnyang'anya chakula na kumfukuza mafichoni.

Kupandikiza samaki kulikoma mwaka 1941, na leo mvuvi haulizwi leseni wala hawekewi kikomo. Kamba ndio hawajapatiwa dawa. Wametapakaa sehemu kubwa ya ukingo, na pale walipojaa, wadudu wanaokula mwani hupungua na miamba huota ukijani, katika ziwa lililosifika kwa maji yake maangavu.