Maktaba ya Ngamia

Maktaba ya ngamia ni huduma ya kuazimisha vitabu iliyoanzishwa mjini Garissa mwaka 1996 na shirika la taifa la maktaba nchini Kenya, kwa ajili ya jamii za wafugaji wanaohamahama. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Wapiga picha walivutiwa na mnyama, lakini jambo kubwa ni kwamba huduma hii ilipindua mazoea ya ukutubi ya kumtaka msomaji aifuate rafu. Mtoto wa mfugaji hufanya mtihani uleule wa taifa anaofanya mwenzake wa Nairobi; anayemnyima kitabu amekwisha kumpunguzia alama kabla hajashika kalamu.

Wapo wasemao kwamba simu imeifanya safari hiyo kuwa ya bure. Hoja hiyo husahau gharama ya bando na uhaba wa mtandao nyikani, na kwamba mwanafunzi huhitaji pia mtu wa kumchagulia la kusoma. Pingamizi zito zaidi ni la lugha: vitabu vingi ni vya Kiingereza na Kiswahili, ilhali wasomaji wengi wa Garissa huzungumza Kisomali nyumbani. Hilo ngamia hawezi kulitatua. Ni kazi ya wachapishaji na wanaopanga bajeti ya ununuzi.