Mtoto wa Namagondo

Vijana wenzangu, nilipokuwa sekondari niliandika shairi lisilo na vina, nikampelekea mwalimu. Lilirudi na maneno manne ya wino mwekundu: "Hili si shairi hata." Basi, nikalikunja nikalitupa chini ya kitanda. Kumbe kuna mtu aliyerushiwa maneno ya namna hiyo kabla sijazaliwa, naye hakutupa kitu chini ya kitanda.

Mtu huyo ni Profesa Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katikati ya maji ya Ziwa Viktoria. Kwao ni Kikerewe. Kiswahili ni lugha aliyoifuata. Alisoma seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970.

Sasa, msomi kama huyo huchota wapi? Wengi wetu tutajibu haraka: maktaba. Lakini hebu fungua Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971. Unakutana na nini? Namagondo! Kijiji kilekile. Baba mlevi na mkali, mama anayevumilia, binti anayefungiwa nyumbani hata akifika shuleni hajui kujilinda. Hakuazima mji wa watu. Alichukua uani kwao akauweka mezani, na harufu yake yote. Wakubwa hawakuipenda harufu hiyo. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda.

Kisiwa hicho hakikuwa kikavu kwa hadithi. Mzee Aniceti Kitereza, Mkerewe pia, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Hesabu mwenyewe: miaka 35! Mwaka uliofuata mzee akafariki. Nikiwaza hayo, naona Kezilahabi hakuandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikerewe hakina utamu. Kiswahili kilikuwa mtumbwi wa kuvukia ziwa.

Ila mtumbwi nao una wenyewe. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, kwa lugha ya watu wanavyoongea. Jamani, pakawaka moto! Wanamapokeo walishika sheria alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu cha mwaka 1954, wakasema bila vina na mizani hakuna shairi. Wengine waliona wabara wanaharibu mali ya pwani. Usidhani lakini kwamba kijana yule aliwadharau wazee. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Aliyesoma wazee kwa bidii ndiye aliyethubutu kupita njia nyingine.

Hakuishia hapo. Mwaka 1985 alipata udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Angeweza kurudi na maneno makubwa tu. Badala yake alituletea Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba, vimejaa mafumbo kama ya wazee waliozunguka moto. Mpaka leo watu wanabishana kama ni riwaya au la. Baadaye alifundisha Botswana, akafariki Januari 2020.

Ndugu yangu unayeandika chumbani Manzese au Eastleigh, usisubiri mpaka upate digrii ndipo uwe na la kusema. Kisomo kilimpa Kezilahabi taa, lakini nyumba aliyoimulika ilikuwa ya kwao.

Juzi niliingia chini ya kitanda, nikalitoa lile shairi. Kusema kweli, mwalimu hakukosea sana: lilikuwa bovu. Ila ubovu wake haukuwa kukosa vina. Niliandika juu ya theluji, na mimi theluji sijawahi kuiona. Nimeanza upya, na safari hii naanzia bombani, kwenye foleni ya ndoo za mtaa wetu.