Postbridge na njia ya kupitisha maiti

Mwaka 1260 wakazi wa Pizwell na Babeny, mashamba mawili yaliyo katikati ya nyika ya Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, walimfikishia Askofu Walter Bronescombe wa Exeter kilio chao. Kanisa la parokia yao lilikuwa Lydford, ng'ambo ya pili ya nyika. Huko ndiko walikopaswa kusali, kubatiza watoto na kuzika wafu. Hati ya askofu inataja umbali wa safari hiyo kama mtu wa nyika anavyoujua: maili 8 kukiwa shwari, maili 15 kukiwa na tufani, maana mito ikifurika hakuna jingine ila kuzunguka. Nazo maili za enzi hizo zilikuwa ndefu kuliko za leo.

Askofu akaridhia waende kusali na kuzika Widecombe, ambako ni karibu zaidi. Zaka, hata hivyo, ziliendelea kudaiwa na Lydford. Kanisa liliwahurumia miguu, si mifuko.

Pizwell lipo hadi leo, mwendo mfupi kutoka kitongoji cha Postbridge, na ukiitazama ardhi inayolizunguka utaelewa kilio kile. Dartmoor ni bonge la itale lililoumbika chini ya ardhi miaka milioni 280 hivi iliyopita, kisha likafichuliwa na mmomonyoko. Maji ya mvua hayapenyi kwa urahisi katika mwamba huo. Hutuama juu yake, nyasi na kuvumwani vikaozea humo polepole, na matokeo yake ni tabaka nene la mboji nyeusi na vinamasi visivyokanyagika. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro, akatoka msituni na kukuta vichaka vya mierika kwenye upepo wa baridi, ameshawaona jamaa wa mimea ya huku. Ila kilele cha juu kabisa cha Dartmoor, High Willhays, kina mita 621 tu.

Kwenye ardhi ya namna hiyo kivuko ni mali. Mto East Dart unapitika vizuri hapa Postbridge, na hapo ndipo lilipojengwa daraja ambalo watu hulipiga picha siku hizi. Halina tao wala chokaa. Ni nguzo za mawe yaliyopangwa, na juu yake mabamba ya itale yaliyolazwa tu, kila moja likiwa na urefu wa zaidi ya mita 4 na uzito unaokadiriwa kupita tani 8. Waongoza wageni hupenda kulifanya la kale mno, lakini wanahistoria wengi huliweka katika karne ya 13 au ya 14, enzi za uchimbaji wa bati katika nyika hii.

Wachimbaji hawakuanza kwa mashimo marefu. Waligeuza maji ya vijito yapite juu ya mchanga wa mabonde. Udongo mwepesi ulisombwa, mawe mazito ya bati yakabaki. Bati lililoyeyushwa lilipakiwa juu ya farasi, likavushwa mtoni na kupelekwa kwenye miji iliyoidhinishwa na mfalme, Tavistock ukiwa mmojawapo. Huko kona ya kila kipande ilikatwa ili ubora upimwe, kodi ikatozwa, ndipo mwenyewe akaruhusiwa kuuza. Mabonde ya Dartmoor yamejaa matuta ya kokoto ambayo mgeni hudhani ni ya asili. Ni taka za wachimbaji hao.

Postbridge yenyewe, kama kitongoji cha barabarani, ni changa kuliko mashamba yanayoizunguka. Ilikua baada ya barabara ya kulipia ushuru kukatwa nyikani mwishoni mwa karne ya 18, na daraja jipya la matao kujengwa hatua chache tu kutoka lile la mabamba.

Mwaka 1844 upweke wenyewe uligeuka bidhaa. Kilomita chache kusini magharibi kilifunguliwa kiwanda cha baruti, na hakuna jirani aliyekuwa karibu vya kutosha kuumizwa. Majengo yaliachanishwa, kuta zikawa nene za itale na mapaa mepesi, ili mlipuko ukitokea uelekee juu na usiambukize jengo la pili. Magurudumu ya maji ndiyo yaliyosaga. Kisha ikaja dinamiti, iliyosajiliwa na Alfred Nobel mwaka 1867, na kabla karne haijaisha kiwanda kikafungwa. Kuta na mabomba ya moshi bado vimesimama, pamoja na mzinga mdogo uliotumika kupima nguvu ya baruti.

Tangu 1951 Dartmoor ni hifadhi ya taifa. Postbridge ina duka, kituo cha wageni, na magari mengi wakati wa kiangazi. Njia ya maiti ya kwenda Lydford nayo bado imo kwenye ramani, na mtu mwenye miguu mizuri huweza kuimaliza kwa siku moja. Atakayeijaribu aangalie kwanza ratiba ya jeshi, kwa sababu sehemu ya njia hiyo inakatiza kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Bendera nyekundu ikiwa juu, hairuhusiwi kupita.