Muundaji na Wasemaji: Sauti, Sarufi na Mamlaka katika Volapük na Esperanto

Utangulizi

Lugha za kuundwa hazijapewa nafasi kubwa katika taaluma ya isimu. Wengi huziona kuwa mchezo wa watu wenye wasaa, zisizostahili kuwekwa pamoja na lugha zilizokuzwa na jamii kwa karne nyingi. Hata hivyo zina faida moja kwa mtafiti: mwaka wa kuzaliwa kwake unajulikana, muundaji wake anajulikana, na kanuni zake ziliandikwa kabla ya kuwapo msemaji hata mmoja. Kwa hiyo zinatoa fursa adimu ya kuuliza ni nini hasa kinachoipa lugha uhai. Makala haya yanazilinganisha lugha mbili za karne ya 19, Volapük na Esperanto, kwa upande wa sauti na sarufi, kisha yanachunguza kama tofauti za miundo yao zinatosha kueleza kwa nini moja ilififia upesi na nyingine ikadumu.

Volapük

Volapük iliundwa na Johann Martin Schleyer, padri wa Kikatoliki wa Baden katika Ujerumani, aliyeitangaza katika miaka ya 1879 na 1880. Jina lake lina sehemu tatu: vol, yaani dunia, -a, kiambishi cha kumilikisha, na pük, yaani usemi. Mizizi hiyo miwili imetokana na Kiingereza, lakini imekatwa na kugeuzwa hata Mwingereza hawezi kuitambua kwa urahisi. Schleyer alipendelea mizizi mifupi, hasa ya silabi moja inayoanza na kuishia kwa konsonanti. Aliikwepa pia sauti r, akiwafikiria Wachina na watu wengine waliodhaniwa kuwa inawapa taabu. Lakini huruma hiyo haikuzifikia irabu. Lugha ilipewa irabu nane, zikiwemo ö na ü, ambazo hazimo katika lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mkazo huwekwa daima katika silabi ya mwisho.

Sarufi yake ni ya viambishi. Jina lina hali nne: dom ni nyumba, doma ni ya nyumba, dome ni kwa nyumba, na domi ni nyumba inapotendwa jambo. Wingi huonyeshwa kwa -s. Utajiri mkubwa zaidi umo katika kitenzi. Kutokana na mzizi löf, wenye maana ya upendo, hupatikana löfob (napenda), löfol (wapenda), älöfob (nilikuwa nikipenda) na olöfob (nitapenda). Kauli ya kutendwa hupata p- mwanzoni: palöfob, napendwa. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuuona ujamaa wa kimuundo. Katika nitapenda na olöfob, nafsi, njeo na mzizi vyote vimefungwa katika neno moja. Tofauti ni mpangilio tu, kwani Kiswahili hutanguliza nafsi ilhali Volapük huiweka mwisho, baada ya mzizi.

Lugha hii ilienea kwa kasi. Kufikia mwaka 1889 palikuwa na vyama vyake zaidi ya 200, na mkutano mkuu uliofanyika Paris mwaka huo uliendeshwa kwa Volapük yenyewe. Lakini kadiri wasemaji walivyoongezeka ndivyo walivyotaka kuirahisisha. Auguste Kerckhoffs, aliyekiongoza chuo cha lugha hiyo, pamoja na wenzake, walidai marekebisho. Schleyer alishikilia kwamba kauli ya mwisho ni yake peke yake. Mgogoro huo haukusuluhishwa, na katika miaka michache vyama vingi vikasambaratika.

Esperanto

Mnamo 1887, wakati Volapük ingali na nguvu, daktari wa macho L. L. Zamenhof, mzaliwa wa Białystok, alichapisha kitabu kidogo mjini Warsaw, kwa Kirusi, kwa jina la kupanga la Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye kutumaini. Lakabu hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa jina la lugha.

Sauti zake zinamwelekea msemaji wa Kiswahili kwa sura mbili. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo atajiona yuko nyumbani. Herufi ĉ na ŝ ni ch na sh zake, na ĝ ni j yake. Lakini konsonanti hufuatana kwa namna asiyoizoea: kitenzi scii, kujua, huanza kwa s ikifuatiwa papo hapo na ts.

Katika sarufi, kila aina ya neno ina alama yake: -o ya jina, -a ya kivumishi, -e ya kielezi. Wingi ni -j, na kitendwa huonyeshwa kwa -n. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi; huonyesha njeo tu, kwa -as ya wakati uliopo, -is ya uliopita na -os ya ujao. Nguvu yake kubwa imo katika unyambuaji. Bona ni -zuri, na malbona ni -baya. Lerni ni kujifunza, na lernejo ni shule. Kama vile mzizi -som- unavyozaa somo, msomi, msomaji na usomaji, ndivyo msemaji wa Esperanto awezavyo kuunda neno ambalo hajapata kulisikia, na mwenzake akalielewa.

Je, muundo watosha?

Yawezekana kudai kwamba Esperanto ilidumu kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko Volapük. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mwaka 1907 ilitokea Ido, iliyozaliwa na Esperanto yenyewe, ikaondoa herufi zenye alama na kulegeza sharti la -n. Kama wepesi ungekuwa ndio mwamuzi, Ido ingeshinda. Haikushinda.

Sababu nyingine yapasa kutafutwa katika mamlaka. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe alipendekeza mageuzi makubwa, akayapeleka kwa wasomaji wa gazeti La Esperantisto wayapigie kura. Wengi waliyakataa, naye akakubali uamuzi wao. Mwaka 1905, katika mkutano wa Boulogne-sur-Mer, ilitangazwa rasmi kwamba muundaji ameacha haki zake zote na kwamba lugha haina mwenyewe. Wakati huohuo kanuni 16 za msingi ziliwekwa kuwa zisizoguswa, hata na muundaji. Hivyo wasemaji walipata uhuru wa kuikuza lugha bila hofu ya kubomolewa msingi. Wako hata watoto waliolelewa kwa lugha hiyo tangu utotoni, jambo linaloufanya mpaka baina ya lugha ya kuundwa na lugha ya kuzaliwa nayo kuwa mwembamba.

Afrika nayo ina mfano wake. Mwaka 1970 K. A. Kumi Attobrah wa Ghana alitoa Afrihili, ambayo jina lake limeunganisha Afrika na Kiswahili, na ambayo sarufi yake ilichota katika Kiswahili na Kiakan. Kusudi lilikuwa umoja wa bara, na sauti zake hazikuwa ngeni kwa Waafrika wengi. Hata hivyo haikupata jamii ya kuisema. Kiswahili, ambacho ndicho kilichoazimwa, tayari kilikuwa na jamii yake.

Hitimisho

Ulinganishi huu unaonyesha kwamba sauti nyepesi na sarufi yenye utaratibu huifungulia lugha mlango, lakini wanaoikalia nyumba ni wasemaji. Schleyer aliushika ufunguo mpaka nyumba ikawa tupu, Zamenhof aliukabidhi. Hoja hii inawahusu pia wanaosanifu lugha zetu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1930, istilahi nyingi za Kiswahili zimebuniwa mezani, na si chache zilizobaki katika orodha zilimoandikwa. Istilahi iliyofuata kanuni zote za uambishaji bado hungoja kukubaliwa na mwalimu, mwandishi na mchuuzi, na uamuzi huo hakuna kamati iwezayo kuutoa kwa niaba yao.