Kiwiko cha tenisi, ugonjwa wa makarani

Hivi, kwa nini fundi rangi ambaye hajawahi kushika raketi aambiwe ana "kiwiko cha tenisi"? Jina lenyewe linapotosha, jamani.

Mwaka 1873 daktari Mjerumani, Runge, aliyaeleza maumivu haya kwa watu wanaoandika sana. Makarani! Mwaka 1882 Mwingereza Henry Morris akayataja kwa wacheza tenisi, na jina likaganda hapo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, imevimba. Wagonjwa wakachomwa sindano za steroidi. Mwaka 1979 Nirschl na Pettrone wa Marekani wakaonyesha, kutokana na upasuaji, kuwa kano ile imechakaa.

Utafiti uliochapishwa 2013 ulimaliza ubishi: ndani ya mwaka mmoja maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya waliochomwa steroidi, lakini asilimia 12 tu ya waliochomwa maji ya chumvi.

Dawa basi ni kupunguza mzigo, mazoezi ya taratibu na subira. Wengi hupona ndani ya mwaka. Ila fundi anayelipwa kwa siku, akipumzisha mkono atakula nini? Mnasemaje, wadau?